Karani wa Tanga aliyejenga nchi hewani

Kiswahili kinachosikika mtaani Asiatique, hapa Bujumbura, ndicho alichokitumikia Shaaban Robert maisha yake yote. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia forodhani.

Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea hewani. Raha ya kubuni nchi ni kwamba huombi kibali kwa mtu. Taabu yake ni kwamba lazima isadikike. Shaaban aliipa mfalme, mawaziri, gereza na kesi: Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni, wakarudi na mema, wakafungwa. Mipaka ni ya ajabu, lakini mahakama ile, nionavyo, raia yeyote wa koloni angeitambua. Karani wa serikali angeyasema hayo waziwazi angejiweka pabaya.

Karama aliachiwa huru. Shaaban alifariki Juni 1962, siku chache kabla ya uhuru wa Burundi. Kufikirika, nchi yake nyingine ya kubuni, ilichapishwa 1967.