Aliona Kombe Moja Tu

Si mnajua mimi ni shabiki wa K'Ogalo? Kutoka 1995 mpaka 2013, miaka 18, Gor Mahia haikuchukua ligi. Kuna misimu tulikuwa tunatoka uwanjani hapa Kisumu vichwa chini, hata kuongea hatuongei. Mwaka 2009 nilikuwa nimechoka kabisa. Na si mpira tu. Darasa langu la Shule ya Jumapili lilikuwa limebaki na watoto wanne, nikaamua nimwambie mchungaji nimeacha.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya matanga. Nikavuka kwa feri hadi Mbita, na baada ya mazishi nikapitia kaburi la Tom Mboya kule Rusinga. Nikakaa hapo nikiyawaza maisha yake.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa msimamizi katika shamba la katani. Alisoma shule za misheni, Yala na Mangu. Pesa za kuendelea hazikuwepo, akasomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hapo ndipo alianza kutetea wafanyakazi. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao. Mwaka 1957 akaingia bungeni. Mwaka 1958, akiwa na miaka 28 tu, aliongoza mkutano wa Waafrika kule Accra. Mwaka 1959 alihangaika mpaka ndege ikabeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, na wengine wengi wakafuata.

Mwaka 1968, akiwa waziri, alikuwa kati ya wale waliosaidia kuanzisha Gor Mahia. Mwaka huo huo timu ikachukua ligi. Halafu Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akapigwa risasi akitoka duka la dawa mjini Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Timu haikuchukua ligi tena mpaka 1974.

Hapo kaburini ndipo nilihesabu. Mboya aliona kombe moja tu la ligi. Wale vijana aliowapeleka ng'ambo, hakuishi kuona yote waliyokuja kufanya. Alifanya kazi yake na hakupewa muda wa kuona mwisho wake. Mimi nilikuwa nataka kuacha kwa sababu nimehesabu watoto nikapata wanne!

Nikarudi Kisumu. Kwa mchungaji sikwenda. Jumapili iliyofuata wakaja watatu, nikawafundisha hao watatu.

Kombe la ligi lilirudi 2013, na siku hiyo nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini darasani nilikuwa nimesharudi miaka minne kabla yake.

Mpendwa, kama kuna huduma umechoka nayo, wiki hii soma Wagalatia 6:9 kabla hujaenda kwa mchungaji.