William Walker, muzamaji aliyeshika kanisa lisianguke

Leo tunasimulia maisha ya mutu mumoja wa Uingereza, William Walker. Hakuwa kasisi, hakuwa injenia, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mufanyakazi wa kushuka ndani ya maji. Lakini bila mikono yake, moja ya makanisa makubwa ya kale ya Ulaya lingeweza kuwa mafungu ya mawe tu.

Walker alizaliwa mwaka 1869, karibu na London. Akiwa kijana alijifunza pale Portsmouth kazi ya muzamaji: kuvaa nguo nzito ya mupira, viatu vya risasi na kaske ya shaba, kisha kushuka chini na kupumua hewa yenye kuletwa na tiyo kutoka juu. Baadaye aliandikwa kazi kwenye kampuni Siebe Gorman, yenye kutengeneza vyombo vya wazamaji. Alipofika umri wa miaka 37 hivi, walimuita ndani ya muji wa Winchester.

Katedrali ya Winchester ilianza kujengwa mwaka 1079 na askofu Walkelin. Urefu wake ni karibu mita 170, na katika Ulaya makanisa ya kale yenye kuipita kwa urefu ni machache sana. Zaidi ya miaka mia moja kiisha Walkelin, askofu mwingine, Godfrey de Lucy, akataka kulipanua upande wa mashariki. Pale ndipo shida ilianzia. Udongo wa upande ule ni wa majimaji, mweusi na laini, wenye kutokana na majani na miti iliyooza zamani. Mafundi wa wakati ule hawakuweza kuchimba mpaka kwenye changarawe ngumu, juu ya maji. Basi wakalaza magogo ya miti juu ya ule udongo laini, na juu ya magogo wakajenga kuta za mawe.

Kanisa likakaa hivyo miaka mia saba. Kidogo kidogo likaendelea kuzama. Mwaka 1905 hali ilikuwa mbaya: kuta zimeinama inje, nyufa zinapanuka, mawe yanaanguka. Arkitekti Thomas Jackson akamuita injenia Francis Fox. Wakachimba shimo kando ya ukuta ili kutia musingi mupya. Wakati waligusa chini, maji yakapanda kwa nguvu na kujaza shimo.

Wewe mutu wa mine utasema: leteni pompi. Pompi ililetwa kweli. Lakini Fox akaona hatari. Maji yenye kuvutwa yalikuwa yanabeba muchanga na udongo kutoka chini ya kuta. Kadiri ya kuvuta maji, njo kadiri ya kuondolea kanisa mahali pa kusimama. Basi akafikiri njia ingine: kuacha maji yabaki ndani ya shimo, na kutuma mutu afanye kazi ndani yake. Njo maana Walker akaitwa.

Kuanzia mwaka 1906 mpaka 1911, Walker alikuwa anashuka ndani ya mashimo yale, mamoja kiisha mengine. Urefu wake ulifika mita 6. Maji yalikuwa meusi kabisa. Taa haikusaidia kitu. Yalikuwa pia machafu, kwa sababu makaburi ya zamani yalikuwa karibu. Alifanya kila kitu kwa kupapasa. Kwanza aliondoa udongo laini wa mwisho mpaka kugusa changarawe. Kiisha aliteremshiwa mifuko ya beto, akaipanga chini moja kando ya ingine, akaipasua kwa kisu ili beto ishikane. Beto ilipokauka, ilifunga chini kama kifuniko, na maji hayakuweza kupanda tena. Sasa pompi iliweza kufanya kazi bila hatari, na mafundi wa matofali wakashuka kujenga ndani ya pakavu, mpaka kufikia ukuta wa zamani.

Walker alikaa chini ya maji saa sita hivi kila siku. Nguo yake ilikuwa nzito na kuivaa kulichukua wakati mingi. Kwa hiyo saa ya chakula alitoa kaske tu, akakula na kuvuta kiko yake, kiisha akarudia chini. Kwake ilikuwa mbali, upande wa London. Inasimuliwa kwamba mwisho wa juma alikuwa anapanda kinga, kilomita zaidi ya mia moja, kwenda kuona muke na watoto.

Kazi ilipoisha, wakahesabu: mifuko ya beto zaidi ya 25,000, bloki za beto 115,000, na matofali 900,000. Walker hakuibeba yote peke yake. Kulikuwa ekipe kubwa ya waashi na wachimbaji. Lakini hakuna tofali lingewekwa mbele ya yeye kufunga maji. Tarehe 15 Julai 1912 walifanya misa ya shukrani, na mufalme George wa Tano alikuwapo. Walker alipewa nishani ya ufalme.

Hakuishi sana baada ya pale. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1918, na miaka 49, kwa homa kubwa ya mwaka ule, ile yenye ilifika hata huku kwetu Katanga.

Inabaki neno moja. Mwaka 1964 wakaweka sanamu ndogo ya Walker ndani ya katedrali. Lakini muchongaji alikuwa amepewa picha yenye watu wengi, na akachonga sura ya mutu mwingine: ya injenia Fox! Jina lilikuwa la muzamaji, uso ulikuwa wa mukubwa wake. Ilichukua miaka 37 mpaka mwaka 2001, ndipo wakaweka sanamu mpya yenye uso wa Walker mwenyewe.

Fox alikuwa na akili, na heshima yake ni ya haki. Mupango ulikuwa wake. Lakini mwenye kushuka gizani kila asubuhi alikuwa mwingine, na yeye pia alistahili watu wajue uso wake. Kama ndani ya nyumba yenu kuna picha ya baba au babu na wenzake wa kazi, andikeni majina nyuma yake leo, wakati kungali mutu mwenye kuyajua.