Babu yake Mathias Kiwanuka



Kuna mwenzangu wa VIWAWA hapa Temeke, siku hizi habanduki kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Juzi akanionyesha mchezaji wa zamani wa New York Giants, Mathias Kiwanuka. Alichukuliwa mwaka 2006 akitokea Boston College, chuo cha Wajesuiti, na mwaka 2012 timu yake ikabeba Super Bowl. Jina likanishtua. Si ndilo la Mtakatifu Achileo Kiwanuka, tunayemkumbuka na wenzake kila tarehe 3 Juni? Nikafuatilia, nikamkuta babu yake. Mpira nikausahau.

Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki wa Buddu, upande wa Masaka, alizaliwa 1922. Alikuwa askari Vita Kuu ya Pili, akasoma Lesotho kwenye Chuo cha Pius XII, kisha sheria London. Mwaka 1958 akaongoza chama cha DP, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Miezi miwili tu! Uchaguzi wa Aprili ukampa Obote nchi, na 1969 Obote huyohuyo akamtia ndani. Idi Amin alipopindua serikali 1971 akamfungulia, akampa na Ujaji Mkuu.

Kwa hiyo alikuwa na deni kwa Amin. Au ndivyo ambavyo ningefikiri mimi.

Septemba 1972 ikamfikia kesi ya Mwingereza aliyekamatwa na wanajeshi. Si ndugu yake, si wa parokia yake, wala si mtu wa chama chake. Angeweza kuipiga danadana. Kiwanuka akasema wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshika, akaamuru aachiwe. Tarehe 21 mwezi huohuo watu wa Amin wakamchukua palepale Mahakama Kuu, Kampala. Alikuwa na miaka 50. Mwili wake haujapatikana mpaka leo. Mathias alizaliwa Marekani 1983, hakumwona babu yake.

Jamani, mwaka jana kazini niliwekewa karatasi ya hesabu ambazo nilijua si za kweli. Nikasaini, nikijiambia nina kodi ya chumba. Jumamosi hii nakwenda kuungama. Jumatatu kuna karatasi nyingine inanisubiri mezani. Niombeeni.