Mtoro wa Bagamoyo na Chuo cha Lugha za Mashariki

Juzi nilikwenda Kisii kwa shughuli ya ndoa, na kutoka huko nikafika Nyamira kumzuru rafiki yangu wa miaka mingi, mkulima wa chai. Binti yake amepata nafasi chuo kikuu asome Kichina na Kiarabu pamoja na mila za watu wa Asia. Baba hakuridhika. Karo inatoka katika bonasi ya chai, naye alitaka mtoto asomee uuguzi au ualimu, kazi ambazo mshahara wake unajulikana. Akanigeukia mimi, Maalim wake, niseme iwapo masomo hayo yana faida.

Sikumjibu papo hapo. Nilimsimulia habari za marehemu Mtoro bin Mwinyi Bakari, nami nazileta hapa, wapenzi wasomaji, kwani vijana wetu wengi wanamjua kwa jina tu.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alisoma Kurani na elimu ya dini, akawa mwalimu, kisha akakusanya kodi chini ya serikali ya Wajerumani. Mwaka 1900 alisafiri hadi Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1887 ndani ya Chuo Kikuu cha Berlin. Humo mlifundishwa Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki, na Kiswahili chetu kikatiwa humo humo. Waliosoma walikuwa maofisa, wafanya biashara na wamishionari. Hawakusoma kwa kujifurahisha. Walikwisha kutambua kwamba asiyejua lugha ya watu hununua kwa bei ya dalali na hutawala kwa macho ya mkalimani.

Mtoro aliandika mengi kuhusu maisha ya Mrima: uzazi na malezi, jando, arusi, ngoma, pepo, madeni, mazishi na sheria. Maandishi hayo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka Göttingen mwaka 1903. Lakini jina lililowekwa mbele lilikuwa la Dokta Carl Velten, mkusanyaji na mhariri.

Basi elimu yake ilipendwa, mwenyewe hakupendwa kadiri hiyo. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi kwao mume. Walipofika Dar es Salaam, mke akazuiwa kushuka, kwani wakubwa wa koloni hawakustahimili kumwona mwanamke wa Kizungu akikaa na mume Mwafrika. Ikawalazimu kurejea Ujerumani. Mtu aliyewafundisha Wajerumani namna ya kuingia nyumbani kwetu alifungiwa mlango wa nyumba hiyo hiyo.

Kuanzia 1909 hadi 1913 alikuwa Hamburg, msaidizi wa Profesa Carl Meinhof. Baadaye akawa akitoa mihadhara mji kwa mji. Alifariki Berlin mwaka 1927. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa katika anwani ya kitabu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Rafiki yangu aliuliza kisa hicho kinamhusu nini mtu wa Nyamira. Nikamkumbusha Northcote, yule bwana aliyechomwa mkuki na Otenyo hapo Kisii mwaka 1908. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Gavana wa Hong Kong, 1937 hadi 1941. Waliotutawala waliziandika Afrika na Asia katika daftari moja. Sisi tunataka kusoma nusu ya daftari?

Nikamwambia pia atazame shamba lake. Neno chai asili yake ni Uchina, likatufikia kwa njia ya Waajemi na Wahindi. Chai ya Kenya huuzwa mnadani Mombasa, na kwa miaka mingi mnunuzi wake mkubwa amekuwa Pakistan. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza safari mwaka 2017, ilijengwa na Wachina kwa mkopo wa Uchina. Ni wangapi wetu wanaoweza kukaa katika mazungumzo kama hayo wakafahamu wageni wananong'onezana nini? Sisi Waislamu tuna kauli maarufu ya kutafuta elimu hata Uchina. Wanazuoni wameidhoofisha sanadi yake, lakini maana yake haijadhoofika.

Hata hivyo sikumficha. Shahada ya lugha peke yake haimlishi mtu. Mtoro alikuwa na lugha, alikuwa na elimu, lakini mambo yake yaliamuliwa na wengine. Kwa hiyo binti asome Kichina na Kiarabu, tena aongeze biashara au sheria. Na atakapoandika, jina lake liwe mbele, si katika shukrani za mtu mwingine.

Rafiki yangu alinyamaza usiku huo. Asubuhi, nikingojea gari, alisema karo ya muhula wa kwanza ataitoa. Wa pili, akasema, atangoja kuona bonasi.