Rufani ya Dedan Kimathi

Hapa Dzaleka, ambapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, habari za kufungwa hazimshangazi mtu. Hata hivyo nimependa kuwaandikieni habari za mtu ambaye jina lake mwalijua, lakini kesi yake si wengi waijuao.

Dedan Kimathi alizaliwa mwaka 1920 huko Tetu, Nyeri, nchi ya Kenya. Alisoma katika Misheni ya Waskoti, Tumutumu, kisha mwenyewe akafundisha kwa muda. Baada ya Serikali kutangaza hali ya hatari mwaka 1952, akawa mkuu wa wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua. Hayo ya msituni yamekwisha andikwa mara nyingi.

Tarehe 21 Oktoba 1956, kando ya msitu, askari alimpiga risasi mguuni akakamatwa. Alikuwa na bastola na risasi sita. Basi hapa ndipo pa ajabu: mtu aliyeongoza vita karibu miaka minne hakushitakiwa kwa vita wala kwa kuua, bali kwa kupatikana na bastola ile na risasi zile. Sheria za hali ya hatari ziliruhusu mtu kunyongwa kwa silaha tu.

Kesi ilisikizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu O'Connor na wazee watatu wa baraza. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akija kujisalimisha. Lakini msamaha waliokuwa wameahidiwa wenye kujisalimisha ulikwisha Julai 1955, na jaji hakumsadiki. Tarehe 27 Novemba alihukumiwa kufa. Alikata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ikatupwa mwezi wa Desemba. Akaomba kwa Baraza la Malkia, London, nalo likakataa. Mimi naona alikuwa na neno moja tu la kushika, yaani nia yake, na nia haiwekwi mezani kortini kama bastola.

Siku moja kabla ya kunyongwa alimwandikia barua Padri Marino wa Nyeri. Aliomba mwanawe apatiwe shule, na mama yake mzee na mkewe wafarijiwe. Mkewe naye alikuwa kizuizini mle mle Kamiti. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, siku 120 tangu kukamatwa, akazikwa kaburi lisilo na alama.