MACHO YALIYOIONA THELUJI: MAISHA YA JOHANNES REBMANN

Siku hizi matatu ya Voi huipita nyika yetu ya Taru upesi hata abiria asiitazame. Mwaka 1848 aliikata kwa miguu mtu ninayetaka kuwasimulia.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Akawa mmisionari, na mwaka 1846 akafika Mombasa kumsaidia mwenzake, Ludwig Krapf. Wakajenga makao Rabai. Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka Rabai na watu wachache, kiongozi wao Bwana Kheri, mjuzi wa njia za bara. Basi wakapita kwenye miiba na jua hili letu, mpaka tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Theluji! Kwao Ujerumani huanguka kila mwaka, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa.

Kumbe London hawakumwamini. Mtaalamu wa jiografia, William Cooley, ambaye Afrika hii hakuikanyaga, alikataa katakata kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Ni hadi Baron von der Decken alipoupanda mlima ule mwaka 1862 na kuiona mwenyewe.

Lakini kilichonigusa mimi si mlima, ni yaliyofuata. Rebmann alikaa huku miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe, Emma, waliyeoana mwaka 1851, alifariki mwaka 1866. Mzee akabaki na kamusi zake, anaandika maneno ya lugha zetu, na huku macho yanafifia kidogo kidogo. Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta karibu haoni kabisa. Macho yale yale yaliyobishiwa London!

Sasa jamani, angekuwa mzee wa kijijini kwetu si tungesema karogwa? Wengi hudhani mlemavu ni yule aliyezaliwa hivyo, au aliyepata ajali. Sivyo. Macho, masikio na magoti huchoka pamoja na mwenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha Wakenya 2.2 kwa kila 100 wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu, na umri unavyopanda ndivyo idadi inavyopanda. Mtoto wa jicho, ambao huwapofusha wazee wengi duniani, hutolewa kwa upasuaji mfupi, na hapa Kwale kituo cha macho kilianzishwa mwaka 1993. Ila wapo bibi na babu zetu wanaozungushwa kwa waganga kwanza, mbuzi mmoja baada ya mwingine, au wanaoachwa tu kwenye mkeka kwa kuwa eti uzee hauna dawa.

Rebmann hakuachwa mkekani. Mwaka 1875 alisafiri kurudi Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo, mtu wa Rabai. Fikiria: kijana wa miaka 26 aliyekuja akijiendea, anaondoka ameshikwa mkono na mwenyeji wake. Akaishi Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki kwa ugonjwa wa mapafu, umri wake miaka 56. Kamusi yake ya Kinyanja hakuwahi kuishika ikiwa kitabu. Krapf ndiye aliyeitayarisha, ikachapwa mwaka 1877.