Lawrence wa Arabia: Alichagua pikipiki bora, akasahau kichwa

Na MWANDISHI WETU

MNUNUZI wa pikipiki anapoingia dukani, kwanza hutazama jina lililoandikwa kwenye tangi, kisha huuliza ukubwa wa injini, kisha bei. Helmeti huulizwa mwisho, mara nyingi kwa matumaini kwamba muuzaji ataitoa bure kama nyongeza.

Maisha ya Thomas Edward Lawrence, mwanajeshi na mwandishi Mwingereza anayekumbukwa ulimwenguni kama Lawrence wa Arabia, yanaonyesha jinsi mpangilio huo unavyoweza kumgharimu mtu. Alichagua pikipiki iliyosifika kuliko zote za zama zake, akaijua kama mfugaji anavyomjua farasi wake, lakini akafa kwa jeraha la kichwa akiwa na umri wa miaka 46. Kifo hicho ndicho kilichomsukuma daktari mmoja kuanza kazi ambayo matunda yake yangali yanaokoa maisha barabarani hadi leo.

Lawrence alizaliwa Agosti 16, 1888, mjini Tremadog, Wales. Alikuwa wa pili kati ya wavulana watano. Baba yake, Thomas Chapman, alikuwa bwana mwenye mashamba nchini Ireland aliyemwacha mkewe na mabinti zake, akaenda kuishi na Sarah, yaya wa watoto hao. Jina la Lawrence walilitwaa tu ili kuficha siri hiyo. Huenda ndiyo sababu mwana huyo, alipokuwa mtu mzima, hakuona shida kulivua jina na kuvaa jingine.

Familia ilihamia Oxford, na huko kijana akasomea historia. Tangu ujanani alipenda safari ndefu. Katika likizo ya mwaka 1908 alizunguka Ufaransa kwa baiskeli akitazama ngome za kale. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu Syria na Palestina akichunguza ngome za wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Kati ya 1911 na 1914 alifanya kazi ya kufukua mabaki ya mji wa kale wa Carchemish, mahali alipojifunza kuishi na Waarabu na kusema lugha yao.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, alipelekwa Cairo katika idara ya ujasusi. Mnamo Juni 1916 Sharifu Hussein wa Makka aliwaasi Waturuki, na Lawrence akatumwa kuwa mshauri wa Faisal, mwana wa Sharifu. Alivaa kanzu na kilemba, akapanda ngamia, akashiriki kuvunja reli ya Waturuki. Julai 1917 wapiganaji wa Kiarabu aliokuwa nao waliiteka bandari ya Aqaba kwa kutokea upande wa jangwani. Oktoba 1, 1918, Damascus ikaanguka.

Hata hivyo, ushindi huo ulimwachia uchungu. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kugawana ardhi za Waarabu kwa mkataba wa siri wa mwaka 1916, huku Waarabu wakiahidiwa uhuru. Lawrence aliujua udanganyifu huo na akajiona mshiriki wake. Alimtetea Faisal katika mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919, kisha akawa mshauri wa Winston Churchill katika mkutano wa Cairo wa 1921, lakini moyo wake haukutulia.

Kanali awa kuruta

Mwaka 1922, mtu aliyekuwa amefikia cheo cha kanali na ambaye sifa zake zilijaa magazetini alijiandikisha katika Jeshi la Angani la Uingereza (RAF) kama askari wa cheo cha chini kabisa. Alijiita John Hume Ross. Magazeti yalipomfichua, alifukuzwa Januari 1923. Miezi michache baadaye akajiunga na Kikosi cha Vifaru katika kambi ya Bovington, eneo la Dorset, safari hii akijiita T. E. Shaw. Karibu na kambi hiyo alipata nyumba ndogo iitwayo Clouds Hill, akaifanya maskani yake. Mwaka 1925 aliruhusiwa kurudi RAF.

Ni katika kipindi hiki cha kujificha ndipo pikipiki ilipochukua nafasi ya ngamia. Mchana alikuwa askari wa kupiga deki na kung'arisha viatu. Jioni, kambi ilipofungua lango, alikuwa huru kwa saa chache na barabara ikawa yake.

Wakati huo viwanda vya pikipiki Uingereza vilikuwa vingi, kila kimoja kikidai kuwa bora. Kulikuwa na Triumph, BSA na Norton, na kutoka Marekani zikaja Harley-Davidson na Indian, pikipiki nzito za injini ya silinda mbili zilizofaa safari za mbali. Askari wa mshahara mdogo angetarajiwa kuchagua BSA ya kawaida, iliyokuwa imara na rahisi kutengeneza.

Lawrence alichagua Brough Superior, na hakubadilisha chapa hiyo hadi kufa kwake.

Pikipiki hizo zilitengenezwa mjini Nottingham na George Brough kuanzia mwaka 1919. Baba yake, William, alikuwa na kiwanda chake cha pikipiki zilizoitwa Brough, na mwana alipoongeza neno lenye maana ya bora zaidi, mzee hakufurahi, kwani ilikuwa kama kutangaza kwamba zake ni duni. George hakujenga kila kitu mwenyewe. Injini alizinunua kwa watengenezaji kama JAP na baadaye Matchless, kisha akaunganisha vipuri bora alivyoweza kupata na kuijaribu kila pikipiki kabla haijatoka kiwandani. Mfano wa SS80 uliuzwa kwa dhamana ya kufikisha mwendo wa maili 80 kwa saa. Ule wa SS100 uliahidi maili 100, yaani takriban kilomita 160 kwa saa, katika enzi ambapo barabara nyingi zilikuwa nyembamba na breki dhaifu.

Ubora huo ulikuwa na bei yake. Katikati ya miaka ya 1920, SS100 iliuzwa kwa takriban pauni 170, fedha ambazo zilitosha kununua gari dogo la Austin Seven. Si ajabu kwamba hadi kiwanda kilipoacha kuziunda mwaka 1940, ni takriban pikipiki 3,000 tu zilizokuwa zimetengenezwa. Pikipiki hizo ziliitwa Rolls-Royce za magurudumu mawili, na kampuni ya Rolls-Royce yenyewe haikupinga.

Mshahara wa askari haungetosha. Lawrence alitegemea kazi za kalamu, ikiwemo tafsiri yake ya Odisei ya Homer iliyotoka mwaka 1932, pamoja na hisani ya marafiki. Aliporejea kutoka India mwaka 1929, marafiki, akiwemo Charlotte Shaw, mke wa mwandishi George Bernard Shaw, walimnunulia Brough mpya bila kujitaja. Jambo la kushangaza ni kwamba kitabu chake kuhusu uasi wa Waarabu kilikuwa kimeuzwa sana, lakini faida, baada ya kulipa madeni, aliitoa kwa hazina ya kusaidia wanajeshi wa angani. Alikataa utajiri, lakini hakukubali pikipiki ya bei nafuu.

Alimiliki saba, mmoja baada ya mwingine, na wa nane ulikuwa umeagizwa alipofariki. Alizipa jina la George, kuanzia wa Kwanza hadi wa Saba, na pia alipenda kuziita kwa lile jina la Injilini la wana wa ngurumo. Kufikia mwaka 1926 alikuwa amemwandikia George Brough kumjulisha kwamba alikuwa amesafiri maili 100,000, kama kilomita 160,000, juu ya Brough tano. Barua hizo hazikuwa za sifa tupu. Alieleza pia kilichoharibika na namna kinavyoweza kuboreshwa, kama fundi anavyozungumza na fundi mwenzake.

Katika kitabu chake kuhusu maisha ya kambini, kilichochapishwa mwaka 1955 akiwa ameshakufa, anasimulia jioni moja alivyoshindana na ndege ya kivita iliyokuwa ikiruka juu ya barabara ya Lincolnshire, akaishinda, kisha akaendelea na safari yake ya kununua vyakula mjini. Ni kurasa za mtu aliyepata mahali pamoja tu ambapo hakuhitaji jina lolote.

Aliyejali usalama wa wenzake

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Lawrence hakujali uhai. Februari 1931 alishuhudia ndege ya kutua majini ikianguka baharini karibu na Plymouth. Watu tisa walikufa. Mashua za uokoaji za wakati huo zilikuwa za mwendo wa pole, na Lawrence akashika kazi ya kubadilisha hali hiyo. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi na waundaji wa mashua katika eneo la Southampton, akijaribu injini na kuandika maelekezo ya matumizi, hadi RAF ikapata mashua za kasi zilizoweza kuwafikia marubani kabla hawajazama.

Basi mtu huyu aliyetambua kwamba chombo cha haraka kinahitaji mpango wa uokoaji hakujiwekea mpango wowote yeye mwenyewe. Helmeti zilikuwepo. Tangu mwaka 1914 washindani wa mbio za TT katika Kisiwa cha Man walilazimishwa kuvaa kofia ya turubai iliyokaushwa kwa gundi ikawa ngumu, iliyobuniwa na Dkt Eric Gardner, daktari wa uwanja wa mbio wa Brooklands. Lakini ilihesabiwa kuwa vazi la wanamichezo. Mtu wa kawaida barabarani alivaa kofia ya kitambaa, au hakuvaa chochote.

Lawrence alistaafu mapema mwaka 1935, akarudi Clouds Hill. Asubuhi ya Mei 13 aliendesha Brough yake hadi posta ya Bovington kupeleka simu ya maandishi kwa mwandishi Henry Williamson, waliyekuwa wamepanga kukutana. Safari ilikuwa fupi, katika barabara aliyoijua vyema. Alipokuwa akirejea, alikuta ghafla wavulana wawili waliokuwa wakiendesha baiskeli mahali palipozama. Alijaribu kuwakwepa, akagusa baiskeli moja, akarushwa mbele.

Shahidi mmoja alidai kwamba kulikuwa na gari jeusi. Wavulana hao walisema hawakuliona. Pikipiki ilikutwa ikiwa katika gia ya pili, ishara kwamba hakuwa katika ule mwendo wa kushindana na ndege. Wavulana walipona. Lawrence hakupata fahamu tena, akafariki Mei 19. Alizikwa siku mbili baadaye katika kijiji cha Moreton, Churchill akiwa miongoni mwa waombolezaji.

Daktari ambaye hakusahau

Miongoni mwa madaktari walioitwa kitandani pake alikuwemo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa, lakini hakukiacha kisa hicho kiishie kaburini.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, jeshi liliwatumia vijana wengi wa pikipiki kubeba ujumbe, na taa za barabarani zilizimwa kwa hofu ya mabomu. Mwaka 1941 Cairns alichapisha utafiti katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa katika ajali za barabarani, na kwamba wachache aliowatibu wakiwa wamevaa helmeti walikuwa wamepata majeraha mepesi kuliko ilivyotarajiwa. Novemba mwaka huo jeshi likaamuru wapanda pikipiki wake wote wavae helmeti. Cairns aliendelea kukusanya takwimu na kuonyesha jinsi vifo vilivyopungua. Alifariki mwaka 1952. Uingereza ilifanya helmeti kuwa lazima kwa kila mwendeshaji mwaka 1973.

Hapa kwetu, Sheria ya Trafiki inawataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti. Lakini anayesimama kwa dakika chache kando ya barabara yoyote kuu ataona helmeti zimetundikwa kwenye usukani, nyingine zimevaliwa bila kufungwa kamba, na abiria wakizikataa kwa sababu ya jasho la aliyetangulia au kwa kuhofia kuharibu nywele. Wengi hujitetea kwamba wanaenda hapo tu, hawapiti barabara kuu. Lawrence naye alikuwa anaenda hapo tu.

Helmeti haina muujiza wowote. Ganda lake gumu husambaza kishindo ili kisitue mahali pamoja, na sponji ngumu iliyo ndani hubonyea badala ya fuvu. Ikiwa kubwa mno au kamba ikiwa wazi, hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yamebaini kwamba huipunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ile ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Leo Brough Superior za kale huuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni, na jina hilo limefufuliwa na watengenezaji nchini Ufaransa. Anayeweza kuzinunua ni nadra. Lakini yule anayepima kati ya pikipiki ya bei ya juu na ile ya bei ya chini, iwe ya kutembelea au ya kutafutia riziki, anaweza kumsaidia Lawrence kusahihisha kosa lake. Atenge kwanza fedha za helmeti mbili zenye alama ya ubora, ya kwake na ya abiria wake, kisha zile zinazobaki ndizo achagulie jina la kwenye tangi.